UZI: Taasisi zetu Uganda zinasema sana, lakini nani anaweza kuhakiki zinachosema?

Katibu wa Busia (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa habari kwenye kamati ya LC1, yaani baraza la kijiji, huku Busia upande wa Uganda. Mwenye cheo hiki anakaa katikati: ofisi inamtuma kwa watu, watu wanamtuma kwa ofisi, na pande zote mbili zinamshuku.

Juzi kwenye kikao afisa mmoja alisema wananchi hawaziamini taasisi kwa sababu taasisi hazijitangazi vya kutosha. Dawa aliyoipendekeza: mabango makubwa barabarani, fulana, na vipindi zaidi redioni. Watu wakapiga makofi. Mimi sikubaliani naye, na naomba tulijadili hapa kwa mapana, maana jambo hili linagusa dawa, shule, mikopo na uhai wa watu.

Nianze na ushahidi wa nchi yetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walipita katika shule za msingi 250 za Uganda, wakalinganisha vitabu vya serikali kuu na vitabu vya shule kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Wakakuta kwamba katika ruzuku iliyotoka Kampala kwa ajili ya matumizi ya shule, kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika. Shule nyingi hazikuona hata shilingi. Pesa ziliishia wilayani. Wazazi hawakuwa na habari kwamba kuna ruzuku yoyote. Walichokijua ni karo waliyokuwa wanadaiwa.

Serikali ikafanya jambo ambalo gharama yake ni ndogo sana. Ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kwa kila wilaya, redio zikatangaza, na kila shule ikatakiwa kubandika mahali pa wazi kiasi ilichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Shule zilizokuwa karibu na wauza magazeti zilifaidika kuliko za mbali, kwa sababu mwalimu mkuu alikwenda wilayani akijua tayari anadai kiasi gani.

Wapo wasomi wanaosema magazeti yamepewa sifa kupita kiasi, kwa kuwa UPE, elimu ya msingi bila karo, ilianza 1997 na usimamizi wa fedha ulikazwa kipindi hicho hicho. Ni hoja ya haki. Lakini usimamizi uliokazwa Kampala mzazi haoni. Karatasi ya ukutani anaiona, na hiyo ndiyo inayompa ujasiri wa kuuliza.

Tazameni karatasi ile ilikuwa na nini: kiasi, tarehe, na nani kapokea. Mzazi aliyeishia darasa la nne anaweza kuihakiki kwa miguu yake mwenyewe. Bango linalosema "Tunawajali wananchi" huwezi kulihakiki kwa lolote. Unaweza kulikubali au kulikataa, basi. Na watu wetu wameombwa imani mara nyingi mno.

Sasa ije PDM, mpango wa serikali wa kuinua uchumi wa kaya kupitia muluka. Ilizinduliwa Kibuku, Februari 2022. Kila muluka, yaani eneo la vijiji kadhaa, unatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya inakopa hadi milioni moja kupitia SACCO, riba ni asilimia 6 kwa mwaka. Maelezo yote yanatosha kwenye pumzi moja. Lakini pita kijijini uulize. Mmoja atakwambia ni zawadi, wa pili ni mkopo, wa tatu ni pesa ya kura. Si kwamba watu ni wajinga; kila mmoja ameambiwa hivyo na mtu mwenye cheo. Mwanasiasa jukwaani anasema "pesa yenu imefika", karani wa muluka anasema rudisheni. Aliyeila akijua ni zawadi, siku akidaiwa ataona ametapeliwa na serikali. Imani inavunjika hapo hata kama hakuna aliyeiba senti.

Karibuni.

Mwalimu wa Tororo

Asante katibu. Hilo la karatasi nimelishuhudia kwa macho. Kuna shule niliyofundisha, jina nalihifadhi, karatasi ya ruzuku ilibandikwa kweli kila muhula. Ilibandikwa ndani ya ofisi, ukutani nyuma ya kiti cha mwalimu mkuu, juu ya kichwa chake. Mzazi akitaka kuisoma lazima aingie, asalimie, aeleze shida yake, kisha aanze kukodoa macho juu ya kichwa cha mkubwa. Na iliandikwa kwa Kiingereza cha mhasibu. Mkaguzi akija anaweka alama kwamba masharti yametimizwa.

Kwa hiyo naongeza sharti la nne kwenye matatu yako: ikae mahali ambapo mtu anaisoma bila kuomba ruhusa ya yule anayehesabiwa.

Boda wa Malaba

Wakuu, heshima zenu, ila mnapamba tu. Mwizi haogopi karatasi. Mabati ya serikali kwa ajili ya Karamoja, kule kaskazini mashariki, hayakuibwa kwa sababu ya kukosa tangazo. Nchi nzima ilijua mabati ni ya watu wa Karamoja, na bado 2023 tuliona mawaziri wanapelekwa mahakamani kwa ajili yake. Acheni kwanza taasisi ziwe safi, mawasiliano yatafuata yenyewe.

Katibu wa Busia (mleta uzi)

Boda ndugu yangu, umegusa penyewe, nami sitakukwepa.

Kuna utafiti mwingine wa hapa kwetu unaokupa nusu ya haki. Vituo vya afya 50 katika wilaya tisa. Katika nusu ya vituo hivyo, wanakijiji walipewa kadi ya tathmini inayoonyesha kituo chao kinafanya kazi vipi, kisha wakaketi na wahudumu wakakubaliana nini kibadilike. Baada ya mwaka mmoja vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa theluthi moja. Dunia nzima ikausifu. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine wakarudia wazo lile kwa upana zaidi, vituo 376, wilaya 16. Safari hii vifo vya watoto havikupungua. Huduma iliboreka kidogo, wagonjwa wakaridhika zaidi kidogo, ikaishia hapo.

Mimi nasoma hivi: taarifa inafanya kazi pale ambapo anayeulizwa ana uwezo wa kurekebisha. Musawo, yaani mhudumu wa afya, anaweza kuwahi kazini, anaweza kuacha kumfokea mama mjamzito. Hawezi kujiletea dawa ambazo bohari haijaleta, wala kujiajiria muuguzi wa pili. Ukimpa mwanakijiji kadi ya tathmini halafu kila anayemfikia anasema "hilo liko juu yangu", umemfundisha kwamba kuuliza ni kupoteza siku ya palizi.

Na Kiteezi ndiyo inayoniuma kuliko zote. Lile jaa la Kampala lilikuwa limejaa, na viongozi wa jiji wenyewe walisema hadharani kwamba limejaa na ni hatari. Agosti 10, 2024 mlima wa taka ukaporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Taarifa ilikuwepo. Ilisemwa. Waliokuwa wanaishi chini yake hawakupewa mahali pa kwenda. Baada ya hapo ofisi ya jiji inaweza kutoa matangazo mazuri namna gani mpaka mtu wa Kiteezi aamini?

Kwa hiyo nakubali, mawasiliano peke yake hayasafishi taasisi. Ninachokataa ni kusubiri. Ukisema taasisi iwe safi kwanza, nani ataisafisha kama hakuna anayejua ndani kuna nini? Zile ruzuku zilianza kufika kwa taasisi zile zile na watu wale wale, ila sasa walijua wanaangaliwa.

Mama Nesi

Nimesoma kimya, acheni nami niseme kwa upande wetu wauguzi.

Mnajua kituo cha afya cha daraja la tatu kinapokea dawa za serikali kila baada ya miezi miwili kutoka National Medical Stores, bohari ya dawa ya taifa. Boksi zikishuka kwenye lori kijiji kizima kinaona. Baada ya wiki chache mgonjwa anaambiwa dawa ya malaria imekwisha. Atafikiri nini? Kwamba tumeziuza. Nami nimeitwa mwizi sokoni, mbele ya watoto wangu, kwa dawa ambazo niliwapa wagonjwa hadi kidonge cha mwisho.

Tulipokuwa tunafundishwa kuhusu mawasiliano, tulifundishwa kutabasamu na kusema "karibu". Ni vizuri. Lakini tabasamu halimwelezi mtu dawa zimekwenda wapi.

Katibu wa Busia (mleta uzi)

Mama, pole sana. Hebu nieleze kitu kinachofanyika kwenye kituo kimoja huku kwetu, maana kinajibu hili hasa.

Mkuu wa kituo alianza kuwaita watu wawili kutoka kamati ya afya ya kituo na mmoja wetu wa LC waje kushuhudia boksi zikifunguliwa. Zinahesabiwa mbele yao. Halafu anachukua karatasi kubwa ya manila na kalamu nene, anaandika dawa zile tano au sita ambazo watu wanaziulizia sana: mseto ya malaria ya watu wazima, ya watoto, amoksilini, chumvi za ORS, glovu za kujifungulia. Mbele ya kila moja anaandika imekuja ngapi. Karatasi inabandikwa nje, kwenye ukuta wa benchi la kusubiria, ambapo mtu hana kazi nyingine ila kusoma. Kila Jumatatu safu mpya inaongezwa: zimebaki ngapi. Dawa ikiisha inaandikwa IMEISHA na tarehe, kwa wino mwekundu.

Wiki za mwanzo kelele ziliongezeka. Watu waliona mseto ya watoto imekwisha kabla ya mwezi wa kwanza kutimia, wakaja juu. Ndipo mzee mmoja akauliza: watoto wangapi walipimwa wakakutwa na malaria? Daftari likafunguliwa, idadi ikasomwa, ikalingana na dozi zilizotoka. Kuanzia hapo hasira iligeukia pengine, kwamba boksi zinazoletwa hazitoshi kwa msimu wa mvua. Kamati ikaandika barua wilayani ikiwa na idadi hizo. Jibu la kuongezewa dawa bado halijaja, na hilo nalo limeandikwa kwenye karatasi: barua imepelekwa tarehe fulani, majibu bado.

Mkuu wa kituo yule hakuongeza hata kidonge kimoja. Lakini wauguzi wake sasa wanapita sokoni bila kutukanwa.

Mama Nesi

Hilo la kuhesabu mbele ya watu nimelipenda. Ila mkuu wa kituo lazima akubali. Wengine wetu tukiandika hivyo ukutani tutaambiwa tunaanika siri za serikali.

Kijana wa Nakivale

Ndugu zangu, mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, niko hapa Nakivale miaka mingi. Niseme yetu. Mwaka 2023, mwezi wa saba, mgao wa chakula uligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza asilimia 60 ya mgao, la pili asilimia 30, la tatu hawapati kitu. Pesa za wafadhili zilikuwa zimepungua, tunaelewa, dunia ina shida nyingi. Lakini mama jirani yangu aliamka akakuta yuko kundi la tatu, na jirani yake mwenye duka yuko la kwanza. Akauliza kwa nini. Akaambiwa mfumo umepanga.

Mfumo umepanga! Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Wengine wakasema majina yameuzwa, wengine kabila fulani limependelewa. Mimi sina ushahidi wa hayo na sidhani ni kweli. Lakini mtu asiyepewa sababu atatafuta sababu. Kama wangebandika vigezo kwa Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine za hapa, na kusema ukikosea kuwekwa kundi peleka malalamiko kwenye meza ile, kabla ya tarehe hii, watu wangelia njaa bila kuchukiana.

Katibu wa Busia (mleta uzi)

Kijana, umesema kitu ambacho maofisa wetu wengi hawataki kukisikia: habari mbaya inavumilika, ikiwa imekuja mapema na sababu yake.

Uganda tuna historia ya kujivunia kwenye hili. Mei 1986, serikali ikiwa na miezi michache tu madarakani, waziri wa afya Ruhakana Rugunda alisimama Geneva mbele ya mataifa akasema wazi kwamba Uganda ina UKIMWI na inahitaji msaada. Wakati huo serikali nyingi barani zilikuwa zinakana, zikihofia watalii na sura. Ikaja Radio Uganda na ngoma zake za kuashiria hatari kabla ya tangazo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, watu walioguswa na ugonjwa wakisema wenyewe. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akatangaza hadharani kwamba anao, akazunguka shule na makanisa akiwa anadhoofika mbele ya macho ya watu, hadi akafariki Desemba mwaka huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maambukizi ya watu wazima yalikadiriwa kupita asilimia 15. Utafiti wa kitaifa wa 2004 hadi 2005 ulikuta asilimia 6.4. Sababu ni nyingi, vifo vikiwemo, lakini uwazi ule hakuna anayeukana.

Nasisitiza Lutaaya. Serikali ilikuwa imesema miaka mitatu. Watu walisikia, ila wengi walidhani ni jambo la wavuvi wa Rakai na madereva wa malori. Aliposema mtu wanayempenda, akionekana anavyokonda, taarifa ya wizara ikapata ushahidi wa kibinadamu.

Linganisheni na Ebola ya 2022. Ilitangazwa Septemba 20 huko Mubende. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakufa vijijini, na baadhi ya familia zilidhani ni uchawi au sumu. Wizara ilitoa idadi kila siku, na kwa hilo naipongeza. Lakini Kassanda ndugu walifukua maiti ili waizike upya kwa taratibu zao, ugonjwa ukasambaa zaidi. Idadi walikuwa wanazisikia. Kilichowauma ni mtu wao kuzikwa na wageni waliofunika nyuso, bila kuoshwa, bila sala wanayoijua. Hapo alihitajika shehe, padri, mzee wa ukoo na VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji kile kile, akae na familia kabla kaburi halijachimbwa. Mlipuko ulitangazwa kwisha Januari 11, 2023, wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 wakiwa wamefariki.

Mzee wa Bombo

Wanangu, salaam. Mmesema vizuri, lakini hamjagusa kusikiliza. Nyote mnasema ofisi iseme nini. Na ofisi inasikia nini?

Zamani tulikuwa na bimeeza, mijadala ya redio ya hadharani, mtu yeyote anashika kipaza sauti anasema lake. Baada ya ghasia za Septemba 2009 ikapigwa marufuku. Mwaka ule ule ofisi ya waziri mkuu ikaleta mabaraza ya wananchi kwenye gombolola (ngazi iliyo juu ya muluka), maofisa wanakuja kueleza bajeti na watu wanauliza. Nimehudhuria. Ni jambo jema likifanywa sawa. Lakini meza kuu inazungumza asubuhi nzima, hotuba baada ya hotuba, wananchi wanapewa maswali wakati jua limekuwa kali na wanawake wameshaondoka kupika.

Tena kuna lugha. Sisi Wanubi Kiswahili ni cha nyumbani. Lakini kwa Waganda wengi wa rika langu, Kiswahili ni cha kizuizini: "simama", "toa kitambulisho", "lala chini". Walikisikia kwa askari wa enzi za Amin na za Obote. Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila afande akitaka kiaminike, akitumie kutoa pole, kutoa maelezo, kumjibu mama aliyeibiwa kuku. Lugha ikitoka kwa askari kama amri tupu, watu hawataiamini hata ikileta habari njema.

Boda wa Malaba

Mzee shikamoo. Hapo nimekuelewa. Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa kura, sisi wa stendi tuliishi kwa uvumi mtupu, kila abiria na lake. Na Facebook imefungwa tangu mwezi ule, huku ofisi zinatuambia tufuatilie matangazo mtandaoni.

Bado nasema wezi hawaogopi karatasi. Lakini swali langu ni la vitendo. Kuna barabara hapa kwetu ilichongwa nusu ikaachwa. Kila tukiuliza tunaambiwa pesa hazijafika. Nitahakiki vipi?

Katibu wa Busia (mleta uzi)

Mzee, shikamoo. La meza kuu umenena. Kwenye kikao chetu kijacho nitaomba maswali yatangulie hotuba.

Boda, haki unayo tayari. Ibara ya 41 ya katiba ya 1995 inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyoko mikononi mwa serikali, isipokuwa ya usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inaeleza njia. Unaandika ombi kwa afisa wa taarifa wa wilaya. Hulazimiki kutoa sababu. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuliandika. Wana siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya inahesabika wamekataa, na unaweza kulalamika kwa hakimu mkuu.

Usiandike "naomba kujua kuhusu barabara yetu". Utajibiwa hotuba. Taja barabara kwa jina, inaanzia wapi inaishia wapi, mwaka gani wa fedha. Omba nakala ya mkataba, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kila malipo, na hati ya mhandisi inayoonyesha kazi iliyopokelewa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa mapokezi urudi nayo.

Boda wa Malaba

Na wakikataa kupiga muhuri?

Katibu wa Busia (mleta uzi)

Nenda na mwenyekiti wako wa LC1 na mtu mmoja zaidi kutoka stendi. Aliyepokea akikataa muhuri, andikeni jina la ofisi, tarehe na saa mliyoiacha barua, nyote watatu mtie sahihi. Kisha tuma nakala nyingine kwa ofisi ya CAO (mtendaji mkuu wa wilaya) siku hiyo hiyo. Ukishaiandika, nitumie inbox niipitie kabla hujaipeleka.